Nyayo Kati ya Milango Miwili

Jumapili ile haikuwa na neno. Orpha alitoka kanisani saa saba mchana, akapitia duka la spaza kununua mkate na maziwa, akafika nyumbani kwake Malvern, akavua viatu vya kisigino vilivyokuwa vimemtesa tangu ibada ya kwanza, akaketi kwenye cherehani. Alikuwa na magauni kumi na mawili ya kitenge ya kumaliza, sare ya harusi ya watu wa Uvira iliyokuwa ifanyike Jumamosi, na Mkongo umwambie aoe bila sare, atakuuliza kama kuna msiba. Baridi ya Julai ilikuwa imeingia mpaka kwenye mifupa. Redio ya betri ikasema huenda kesho theluji ikaanguka Johannesburg. Mtangazaji mwenyewe alicheka. Orpha naye akacheka, akaendelea kukanyaga cherehani, maana umeme ulikuwa umekatwa kama kawaida.

Nyumba ile ilikuwa ya kizamani, ya bati, mitaa mitatu kutoka Jules Street. Orpha alikuwa amepanga vyumba viwili na jiko. Nyuma, ng'ambo ya uwanja mdogo wa hatua kama kumi na tano, kulikuwa na chumba kimoja cha matofali, na humo alikaa Arlène, msichana wa Bukavu aliyekuwa akisuka watu nywele hapo hapo nyumbani. Mlango wa jiko la Orpha ulitazamana na mlango wa Arlène. Ukifungua wako, unaona wa mwenzako.

Sasa tuseme ukweli, maana bila huo hutaelewa lolote. Orpha alikuwa na wivu. Si wa mume. Mume alikwenda Cape Town miaka mitatu iliyopita kutafuta kazi, akapata kazi na mke, na Orpha alishamlilia akamaliza. Wivu wake ulikuwa wa mtoto.

Héritière alikuwa na miaka sita, Orpha hakuwa na mwingine. Mama alishona kuanzia asubuhi mpaka macho yanauma, na mtoto akitoka shule alikwenda kwa Arlène. Alikula kwa Arlène. Alisukwa na Arlène. Mama yake akimsemesha Kiswahili, alijibu kwa Kiingereza, au kwa Kizulu cha shuleni, huku anatazama pembeni. Lakini kwa Arlène! Kwa Arlène mtoto alizungumza Kiswahili cha Bukavu kilichonyooka, na utani ndani yake, na kile kicheko cha tumbo ambacho Orpha hakuwa amekisikia upande wake wa uwanja tangu sikukuu ya Noeli. Orpha alikuwa anakisikia kutoka kwenye cherehani. Sindano ilikuwa inamchoma kidole mara kwa mara.

Jioni ile Héritière alisimama jikoni na blanketi lake kwapani. Ilikuwa likizo, shule zimefungwa. Akasema atalala kwa tantine Arlène.

"Tena?" akauliza Orpha.

Mtoto akainua mabega. Mama akasema haya, nenda. Alisema kwa mdomo tu. Akamtazama akivuka uwanja, akamwona Arlène akifungua mlango kabla hata hajabisha, akasikia kicheko. Orpha akamaliza gauni la saba. Akavaa gauni lake la kulalia la pamba nene, lile aliloshona mwenyewe na kuliwekea lesi chini, akajaza chupa ya maji moto akaiweka miguuni. Kabla ya kuzima mshumaa akasema kwa sauti, peke yake chumbani, "Yule ni wangu." Akasema tena. Akasema mara ya tatu. Ni hayo tu aliyoyafanya. Hakulaani mtu, hakuchoma kitu, hakwenda kwa mganga. Alisema maneno hayo akalala.

Aliamshwa na ngumi ndogo mlangoni. "Mama, vuka! Vuka!" Héritière alikuwa anamwita aamke, kwa Kizulu, sauti imempanda.

Orpha akashuka kitandani. Pindo la gauni lilikuwa limelowa chapachapa na miguu yake ilikuwa ya baridi kiasi kwamba hakusikia sakafu. Akaona chupa ya maji moto imevuja, akaitukana kidogo, akafungua mlango wa jiko.

Uwanja wote ulikuwa mweupe.

Theluji, ndugu zangu, Malvern! Juu ya bati, juu ya pipa la taka, juu ya kamba ya nguo. Ilikuwa bado inaanguka, kimya kabisa, na mtaa mzima ulikuwa umetoka nje umevaa mablanketi. Watu wazima walikuwa wanapiga kelele. Arlène alikuwa amesimama getini na simu yake, anamrekodi Héritière aliyekuwa amefungua mdomo aikamate theluji kwa ulimi. Wawili hao walikuwa wametoka kwa kupita kandokando ya ukuta. Katikati ya uwanja hapakuwa na mtu aliyepita.

Lakini pamepitwa. Mstari mmoja wa nyayo ulikuwa umenyooka kutoka mlango hadi mlango.

Orpha akachuchumaa. Alikuwa na futi yake ya kupimia shingoni, hata kulala huwa analala nayo, akapima bila kufikiri. Kila unyayo ulikuwa na inchi tisa. Upande mmoja ulikuwa mwembamba na umezama sana. Upande wa pili ulikuwa mpana, haukuzama, na una alama nne za mviringo. Ulikuwa unyayo mmoja mbele ya mwingine, mmoja mbele ya mwingine, bila jozi.

"Mbwa huyo," akasema Seif, fundi magari wa nyumba ya pili, mtu wa Tanga, aliyekuwa ameegemea ukuta akinywa chai. "Mbwa wa pale kona."

"Mbwa wa miguu miwili?"

Seif akatazama vizuri. "Basi bata," akasema, watu wakacheka.

Mwingine akasema mbuzi, kuna familia mtaa wa juu walichinja Jumamosi kwa ajili ya wazee wao, labda mmoja alitoroka. Mbuzi ana kwato mbili, wakamjibu, huyu ana vidole vinne. Yule mama wa spaza akasema nyani. Walibishana hivyo kwa raha, kama watu wanaobishana kuhusu mpira, mpaka alipofika mzee Pacifique, mzee wa kanisa, aliyekuwa akikaa mtaa huo huo. Pacifique hakucheka. Alizitazama nyayo kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Hakuna mnyama anayetoka mlangoni," akasema kwa sauti ya chini. "Mnyama huja getini. Huyu hajatoka getini."

Kweli. Geti lilikuwa na theluji safi. Nyayo zilianza mlangoni zikaishia mlangoni.

"Ametoka mlango upi, mzee?" Orpha aliuliza. Tayari alikuwa na jibu lake.

Pacifique akanyoosha kidole. Ile ncha nyembamba iliyozama, alisema, ndiyo mbele. Kila aliyekulia kijijini anajua kwamba mnyama akitembea kwenye tope, ncha ya mguu ndiyo inayochimba. Na ncha zote zilielekea jiko la Orpha. Kitu kile kilitoka kwa Arlène. Kila mtu pale akaitikia kwa kichwa, Mfizi, Mlubumbashi, Mtanga, wote. Matope wote walikuwa wameyakanyaga tangu utoto. Theluji hakuna aliyewahi kuikanyaga kabla ya asubuhi ile.

Unataka kujua Orpha alihisi nini? Aliogopa, ndiyo. Lakini nyuma ya woga kulikuwa na furaha. Furaha kabisa, ya moto, iliyompanda mpaka masikioni. Nilijua, alijiambia. Nilijua huyu msichana hakumpata mwanangu hivi hivi.

Mambo yakaenda haraka. Pacifique akaingia jikoni kwa Orpha akaomba, akapaka mafuta juu ya mlango. Akatoka, akamwita Arlène pembeni. Msichana alikuja anatabasamu bado, theluji kwenye nywele. Akasikiliza. Tabasamu likabaki usoni muda kidogo kwa sababu lilikuwa halijui liende wapi.

"Yaya Orpha," akasema, kama dada mkubwa anavyoitwa kwao. "Mimi?"

Pacifique akasema ni afadhali aondoke leo, mapema, kwa amani, kabla watu hawajachemka. Arlène akatazama nyayo zile mlangoni mwake, akatazama watu getini. Simu zilikuwa zimeinuliwa zote. Akaingia ndani, wakasikia zipu ya begi.

Héritière alimkimbilia. Orpha akamdaka mkono katikati ya njia akamvuta, na mtoto akajipinda, akamtazama mama yake usoni. Miezi kadhaa alikuwa hajamsemesha Kiswahili. Akamsemesha sasa.

"Sikutaki," akasema.

Orpha akamwingiza ndani akafunga mlango.

Saa sita hivi gari jekundu likasimama getini. Alikuwa Jelimo, Mkenya mmoja wa benki, mteja wa Orpha wa miaka mingi, aliyekuja kuchukua gauni lake. Theluji imewafungia kazi, alisema, mji mzima umepata wazimu, robot, yaani taa za barabarani, zimezimika mpaka huko Bezuidenhout Valley. Alikuwa na furaha, huyu. Alikulia kwenye mteremko wa Kerio akichunga mbuzi wa baba yake, na baadaye alisoma Norwe miaka miwili, kwa hiyo theluji kwake ilikuwa kama kukutana na mtu aliyesoma naye. Akaziona nyayo. Akachuchumaa, akatoa simu apige picha.

Hakupiga. Akabaki amechuchumaa.

"Mama Heri," akaita, maana jina zima la Héritière lilikuwa linamshinda. "Kuja kidogo."

Orpha akatoka. Watu walikuwa wamepungua getini, baridi imewashinda. Pacifique alikuwa bado amesimama kwa Arlène, anasubiri begi.

"Mmesema hii kitu ilitoka wapi?"

"Kwa Arlène."

"Nani amesema?"

"Mzee wetu."

Jelimo akashusha sauti. "Ameishi kwenye theluji?"

Orpha akatikisa kichwa.

"Ona hapa. Mguu ukitua kwenye theluji, kisigino ndicho huzama. Hiki chembamba ni kisigino. Hivi vinne ni vidole. Na ona hii kidogo iliyomwagika mbele ya vidole. Mguu ukiinuka hurusha theluji kule unakokwenda. Kwa kila mmoja imemwagikia upande ule." Akaonyesha mlango wa Arlène kwa kidevu. "Mlisoma kinyume, Mama Heri. Haikuja kwako. Ilitoka kwako."

Orpha akageuka akatazama mlango wake mwenyewe.

"Na si mbwa. Mbwa huacha kucha. Huyu ameficha kucha, kama chui. Lakini chui hana kisigino. Kisigino ni cha mtu." Jelimo akafuta mikono yake kwenye koti ingawa haikuwa na kitu. "Na imekwenda tu. Haijarudi. Kwako kuna nani?"

"Niko peke yangu," akasema Orpha.

Wakafuata nyayo. Hatua kumi na tano. Jelimo mbele, Orpha nyuma, kila mmoja akikanyaga kando. Nyayo hazikufika mlangoni mwa Arlène, ndivyo walivyoona sasa. Zilikuwa zimepinda mwishoni, chini ya dirisha. Kitanda cha Arlène kiko upande huo. Mtoto alikuwa amelala upande huo.

Chini ya dirisha theluji ilikuwa imebonyea na kuwa barafu. Kitu kilikuwa kimechuchumaa pale. Kwa muda mrefu. Joto la mwili lilikuwa limeyeyusha theluji, na baridi ikaigandisha tena. Kwenye kioo, juu kidogo, kulikuwa na matundu mawili madogo ya pumzi katika barafu. Yalikuwa yamekaribiana.

Jelimo akayatazama matundu. Orpha hakuyatazama. Alikuwa anatazama chini, ukingoni mwa lile bonyeo. Barafu ilikuwa na alama. Nusu duara, nusu duara, nusu duara, na katikati ya kila moja ua dogo la petali tano.

Ilikuwa lesi.

Aliinunua mwenyewe Oriental Plaza, yadi mbili za mwisho, muuzaji akaapa kwamba hataipata tena. Aliishona mwenyewe. Palikuwa na mahali mshono uliruka, karibu na kiungo, kwa sababu umeme ulikatwa katikati ya kazi, na hakuwahi kuurekebisha. Barafu ilikuwa na mahali mshono uliruka.

Pindo lililolowa. Miguu isiyosikia sakafu. Chupa ya maji moto haikuwa imevuja. Alirudi chumbani akaishika, ilikuwa imejaa mpaka shingoni.

Akakaa kitandani. Hapo, ndugu, ndipo mtu anapojulikana. Hakuna aliyejua ila yeye, na Jelimo aliyejua nusu. Angenyamaza tu. Arlène angebeba begi lake na jina la mchawi, angepotelea mjini, na Héritière angebaki upande huu wa uwanja, akalia wiki, akalia mwezi, akazoea. Ndivyo alivyotaka kwa miaka miwili. Alikuwa amekaribia hivyo. Na chumba cha pili mtoto alikuwa amejilaza sakafuni analia kwa kwikwi, na Orpha akajiuliza: leo usiku akilala humu, mimi na yeye, kitu kile kikiamka hakitahitaji hata kuvuka uwanja.

Akatoka nje. Arlène alikuwa getini na begi.

"Rudisheni simu zenu mifukoni," akasema Orpha. "Arlène hana kosa. Nyayo zimetoka kwangu."

Mzee Pacifique akatazama mlango aliokuwa ameupaka mafuta. Akarudi nyuma hatua mbili, kidogo kidogo, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka. Seif akaweka kikombe cha chai chini.

Orpha akamsogelea Arlène. Alinong'ona, maana ilimwuma kusema hata kwa kunong'ona.

"Nisamehe. Nenda na mtoto."

"Yaya, umeniita mchawi mbele ya mtaa mzima."

"Najua. Nenda naye. Usinirudishie hata nikilia. Mchana nitakuja kumwona. Mchana tu."

Arlène akaweka begi chini akaenda kumchukua mtoto. Jelimo aliwapeleka kwa gari lake hadi Berea, kwa Gaëlle, binamu wa Arlène, aliyekuwa na fleti ghorofa ya nne. Héritière alipanda gari bila kugeuka nyuma. Orpha alisimama getini akamwona akijilaza kwenye paja la Arlène, na wivu ukamkamata kooni, palepale, akiwa bado anajua anachokijua. Akajipiga kifuani. Haukutoka.

Saa tisa jua lilitoka, theluji ikayeyuka Malvern yote. Iliyokanyagwa huchelewa kuyeyuka, ndivyo Jelimo alivyosema, kwa hiyo nyayo zikabaki uwanjani peke yake, nyeupe, juu ya udongo mweusi. Zilikaa mpaka Alhamisi. Wateja walichukua sare zao za harusi, kupendeza lazima wapendeze, ila hawakuja wenyewe, walimtuma mtu.

Orpha akaanza kulala amejifunga. Alikata utepe wa kitenge, akafunga kifundo cha mguu, akafunga ncha ya pili kwenye mguu wa chuma wa cherehani, fundo la mshonaji, lile ambalo hata wewe mwenyewe unahitaji mkasi. Asubuhi alikuta fundo liko vile vile. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Jumamosi alikwenda Berea na machungwa, akakaa saa mbili, akarudi kabla jua halijainama. Mtoto alikuwa ananenepa. Hilo nalo lilimwuma. Akaanza hata kufikiri kwamba yamekwisha.

Wiki ya tatu, Jumanne mchana, Arlène alimtumia picha. Alifanya kwa wema, huyo hana ubaya. Héritière amecheka, pengo limefunguka mbele. Jino la kwanza lilikuwa limetoka. Liling'okea mkononi mwa Arlène, na wawili wao walikwenda kulirusha juu ya paa. Yote yalikuwa yameandikwa chini ya picha, na moyo mwekundu.

Orpha alikuwa anakata kitambaa. Aliweka mkasi chini. Jino la kwanza la mwanangu. Akaangalia picha hiyo mpaka mwanga wa simu ukazimika, akauwasha tena, akaangalia. Hakushona tena siku hiyo. Jioni alifunga fundo lake mara mbili.

Asubuhi simu ililia kabla ya saa moja. Alikuwa Arlène, ananong'ona.

"Yaya, umelala nyumbani?"

Orpha akatazama mguu wake. Mafundo mawili, yamekaza. "Nimelala. Nimefungwa."

Jana mchana, Arlène alisema, mlinzi wa jengo alimwaga saruji mpya kwenye korido yao, kutoka kwenye ngazi hadi mlangoni kwao. Watu walipita juu ya mbao mpaka jioni, kisha akaziondoa, akasema asikanyage mtu hadi asubuhi. Saruji sasa ilikuwa imekauka. Na ilikuwa na nyayo.

"Zile?"

"Zile zile. Zimekuja mpaka mlangoni. Na safari hii zimerudi."

Orpha alifumba macho. "Héri yuko wapi?"

"Yupo. Amelala. Mlango ulikuwa na kufuli, yaya, ufunguo chini ya mto wangu, nimeukuta hapo hapo." Sauti ya Arlène ilikatika. "Lakini miguu ya mtoto, chini, ni ya kijivu kwa saruji. Na kwenye saruji, pale zile nyayo zinaporudi, kando yake kuna za mtoto. Ndogo. Miguu mitupu. Zinakwenda naye hadi kwenye ngazi."

"Halafu?"

"Halafu za mtoto zinarudi peke yake."

Orpha alisikia mkwaruzo, kisha pumzi ndogo kwenye simu. Mtoto alikuwa ameamka.

"Mama?" akasema Héritière. Kwa Kiswahili, kilichonyooka, na usingizi ndani yake. "Ulifika nyumbani vizuri?"

"Nilitoka wapi, mwanangu?"

"Si ulikuja? Nimekusindikiza mpaka kwenye ngazi. Nilitaka kukusindikiza hadi chini lakini ulisema inatosha."

Orpha alikuwa na maswali mia. Akauliza moja tu, lile lililomtoka.

"Ulinishika mkono?"

"Ndiyo," akasema mtoto. Akafikiri kidogo. "Mama, utaunyoa lini?"

Kisha akaaga, akasema njoo tena, na simu ikakatika. Orpha alibaki amekaa ukingoni mwa kitanda. Woga ulikuwepo. Lakini ule uzito wa kooni, alioubeba miaka miwili, ulikuwa umetoka. Mwanangu amenisindikiza, alijisemea. Amenishika mkono. Alijigusa mdomo, akakuta anatabasamu.

Saruji ile iko hadi leo. Mlinzi alijaribu kuipiga plasta juu, ikapasuka mahali pale pale, sasa wameweka zulia. Wapangaji wa ghorofa ya nne wanapita kandokando ya ukuta. Jelimo alikwenda akalifunua zulia, akapima kila unyayo kwa rula ya ofisini. Kubwa zina inchi tisa, kama za Malvern. Zile ndogo za kwenda zina inchi sita na nusu, sawa kabisa na mguu wa Héritière. Alipopima zile ndogo za kurudi, zinazotoka kwenye ngazi na kuingia mlangoni, alipima mara tatu. Zina inchi sita na nusu pia. Ila zina vidole vinne.